Ganda Tupu Kwenye Silinda

Kazi yangu hapa Brussels ni kuwanyanyua wazee kitandani, kwa hiyo nguvu za mikono yangu sina wasiwasi nazo. Klabu yetu ya kulenga shabaha iko chini ya jengo moja huko Evere. Siku niliyoomba kuhamia bastola kubwa, ile ya silinda inayobeba risasi sita, tonton mmoja, mjomba kwa heshima, wa kwetu Bukavu, mwanachama wa miaka mingi, alinisogezea ile ndogo ya wanafunzi.

“Maman, baki na hii kadogo. Ile kubwa itakuvunja mukono.”

Nilichemka, nikamgeukia mwalimu wa klabu. Mwenye kuamua ni yeye. Alichanganya risasi na maganda matupu, akaizungusha silinda nisijue kipi kinafuata. Huo ndio mtihani wao: mwenye hofu hujikaza kabla ya mlio, na akiangukia ganda tupu, mtutu huinama watu wote wakiona.

Nilifyatua mara sita. Mara nne ilinguruma hadi mifupani. Mara mbili ililia ta! tu, na mtutu haukucheza.

“Na tonton ajaribu,” nikasema.

“Bon, tujaribu,” akajibu akicheka.

Mwalimu akachanganya tena. Risasi ya kwanza ilitoka vizuri. La pili lilikuwa ganda, na mtutu ukainama kama unatafuta kitu sakafuni.

Nikaichukua ile bastola ndogo, nikamwekea mezani mbele yake.

“Tonton, baki na hii kadogo.”