Foronya za Siku za Kuruka

Nyumbani kwetu kuna foronya nyingi kuliko vichwa. Mgeni akifungua kabati hudhani tunaendesha nyumba ya wageni kwa siri. Mke wangu humjibu kwamba ni vitambaa vilivyobaki kwenye kazi za wateja, basi, maneno yanaishia hapo. Lakini mimi najua. Kila foronya ni siku moja ambayo mdogo wake aliruka na pikipiki.

Mke wangu ni fundi cherehani. Anafanyia kazi katika chumba cha mbele, chini ya dirisha linalotazama barabara. Wazazi wao walifariki yeye akiwa msichana na mdogo wake akiwa bado hajaanza shule, kwa hiyo yeye ndiye aliyemlea. Siku niliyokwenda kuposa nilimkuta huyo mtoto amesimama juu ya ukuta wa uani. Akaniuliza, "Nikiruka utanidaka?" Nikajibu ndiyo ili nionekane mtu mwema. Kabla sijaweka mikono sawa, kisharuka. Tulianguka wote wawili juu ya beseni la nguo. Mke wangu anasema ndipo alipokata shauri kunikubali, kwa sababu nilianguka bila kumwachia mtoto.

Watu wakamwita Panzi. Kutoka ukutani alihamia kwenye baiskeli, kutoka kwenye baiskeli akahamia kwenye pikipiki. Alipokuwa mtu mzima alikuwa anaruka magari yaliyopangwa uwanjani, halafu malori, na watu wanakata tiketi kumtazama. Aliruka pamoja na rafiki yake ambaye kila mtu alimwita Chura. Panzi na Chura, majina yao yalibandikwa kwenye kuta mji mzima.

Ovaroli ya kurukia alishonewa na dada yake. Nyekundu, kitambaa kizito, magotini na viwikoni imewekwa sponji ya makochi. Bila ovaroli ile Panzi hakuruka hata karai. Kuna siku aliisahau nyumbani, uwanja mzima ukakaa unazomea hadi nilipoifikisha kwa baiskeli, ulimi nje.

Mke wangu hakwenda kutazama hata mara moja. Siku ya kuruka aliweka simu mezani karibu na cherehani, akachukua kitambaa chochote, akaanza kushona foronya. Hakuinua kichwa. Ukimsemesha alikuwa hasikii. Upande wa mwisho hakuufunga mpaka simu iite na ile sauti iseme, "Dada, nipo mzima. Chai ipo?" Hapo ndipo alishusha pumzi, akapiga mshono wa mwisho na kukata uzi kwa meno.

Halafu Chura akafariki. Alikuwa anafanya mazoezi peke yake, pikipiki haikufika ng'ambo.

Panzi alibadilika. Alilala na taa inawaka. Alianza kunywa, na asubuhi alishika kikombe cha chai kwa mikono miwili kama mtoto. Ukimuuliza habari anakujibu "safi" kabla hujamaliza kuuliza.

Katikati ya hali hiyo ndipo walipokuja watu wa kutengeneza filamu ya maisha yake, ile ya mambo ya kweli, si ya kuigiza. Mkubwa wao alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa kofia hata ndani ya nyumba. Walipiga picha cherehani, wakapiga picha ukuta wa uani. Waliponitaka niseme neno, nilikumbuka kwamba nimebandika maji jikoni. Filamu ilitakiwa iishie kwenye machimbo ya kokoto yaliyoachwa, nje ya mji. Panzi angeruka shimo lile kutoka ukingo hadi ukingo. Chura ndiye aliyekuwa na hamu nalo siku zote.

"Hatumlazimishi," yule mama wa kofia alimwambia mke wangu. "Hata akibadili mawazo dakika ya mwisho, sisi tunafunga vyombo vyetu."

"Huyo hawezi kubadili mawazo," mke wangu akasema. "Hajui yanabadilishwaje."

Panzi akaja kupunguziwa ovaroli, maana ilikuwa inampwaya. Nilikuwapo, nimekaa kochini najipepea kwa kipande cha boksi.

"Umekonda," dada yake alisema akizungusha tepu kiunoni.

"Nataka pikipiki iwe nyepesi."

"Kwani pikipiki ndiyo inayokula chakula chako?"

"Dada, pima bwana."

Akapandisha tepu kifuani. Nikaona ncha ya tepu inacheza. Mkono wa mke wangu haukuwa unatetemeka, huo umeshika mkasi maisha yake yote.

"Mbona unatetemeka?"

"Baridi."

Dada yake akanitazama mimi na boksi langu la kujipepea. Kisha akasema taratibu, "Mdogo wangu, usiruke hili."

"Nimeshasema mbele ya kamera."

"Kwani kamera ndiyo iliyokulea?"

Panzi alivaa shati lake, vifungo vikamshinda, akatoka kifua wazi.

Kesho yake ovaroli ilikuwa imepunguzwa, imepigwa pasi na kukunjwa vizuri. Asubuhi ya siku yenyewe Panzi aliichukua bila kuikunjua, akaondoka na wale watu wa filamu. Mke wangu akaweka simu mezani, akavuta kitambaa cha maua. Nilikaa naye. Pedali ilikwenda, ikasimama, ikaenda tena. Saa ya kuruka ikapita. Nilikuwa nimeanza kujiuliza nani atakwenda hospitali na nani atabaki na yeye, ndipo simu ikaita.

"Dada. Sikuruka." Ikakatika.

Mke wangu alilaza kichwa juu ya cherehani. Chai haikuulizwa.

Jioni Panzi alipita, akatupa ovaroli juu ya kochi, akaondoka bila salamu. Niliikunjua. Miguu yote miwili ilikuwa imeshonwa chini, imefungwa kabisa kwa uzi mnene wa turubai, mshono juu ya mshono. Mtu asingeweza kupitisha hata kidole.

"Hii kazi yako?" nikamuuliza.

"Yangu."

"Miguu yote miwili?"

"Mmoja ungetosha kwa mtu mwenye akili. Huyu angeruka na mguu mmoja."

Nilicheka, lakini yeye hakucheka. "Nimefunga siku moja tu," alisema. "Shimo bado liko palepale. Na sasa amenichukia."

Hivyo ndivyo tulivyoishi miezi iliyofuata. Tulisikia Panzi amepata kazi kwenye gereji ya pikipiki upande mwingine wa mji. Alituma salamu kwa watu, mwenyewe haji. Pikipiki ikipita barabarani kwa kasi mke wangu aliacha kushona hadi mlio upotee. Hakuna aliyejua kama siku moja Panzi angeamka na kwenda kumalizana na lile shimo bila kuaga mtu.

Siku filamu ilipotangazwa kuonyeshwa kwenye televisheni, mlango ukagongwa. Panzi, na mfuko wa machungwa.

"Shikamoo Dada. Shemeji. Kwangu hakuna televisheni."

"Marahaba. Kaa," mke wangu alisema, na kwa haraka akajisogeza kwenye cherehani.

Panzi alikaa sakafuni, akaanza kumenya machungwa. Filamu ikaanza. Tukaona ukuta wetu, tukaona Chura akicheka na kofia ya pikipiki mkononi. Kisha yakaja machimbo. Kamera iliinama ukingoni na kutazama chini, hata mimi nikashika mkono wa kochi. Pikipiki ilikuwa juu ya jukwaa la mbao, imeelekezwa shimoni. Nyuma yangu nikasikia pedali. Mke wangu alikuwa ameshika kitambaa, anashona foronya.

"Dada," Panzi akasema, "mimi hapa. Nala chungwa."

"Nyamaza. Nataka kuona kama utapona."

Kwenye filamu Panzi alikunjua ovaroli, akaingiza mguu. Mguu ukakwama. Akaingiza wa pili, nao ukakwama. Akarukaruka kama kuku aliyefungwa kamba, na mmoja wa wapiga picha akasikika akicheka. Halafu Panzi akageuza pindo na kuona uzi. Mtu akamletea kisu. Akakichukua, akapitisha ncha chini ya mshono wa kwanza, akaukata.

Pedali ikasimama.

Alikaa chini na kisu mkononi, soksi zake zimetoboka kwenye dole gumba, mbele ya watu wote wenye televisheni. Alikaa hadi mtu akamuuliza kitu ambacho hakikusikika.

"Ni dada yangu," akajibu. "Angeweza kupasua tairi, au kuiba ufunguo. Amenifunga miguu kwa uzi tu, na anajua kisu hakikosekani." Akaupitisha uzi ule uliokatika kwenye vidole. "Naogopa. Tangu Chura afe, naogopa. Nimepanda huku juu sijui namna ya kushuka."

Kisha akaweka kisu chini na kushuka kwa miguu, ovaroli begani. Kilichobaki kilikuwa pikipiki. Kuipandisha jukwaani ilikuwa kazi ndogo, lakini kuishusha iliwatoa jasho watu wazima wote pale, inateleza, wanapiga kelele, na yule mama wa kofia anashikilia tairi la nyuma huku kofia imemdondoka. Filamu ikaishia hapo, kwenye kelele hizo.

Mke wangu ndiye aliyeanza kusema, kwa sauti ndogo.

"Kumbe hukunichukia."

"Nilikuwa naona aibu, Dada. Nilijua wakiionyesha watu watanicheka."

"Wamekucheka?"

"Sijui. Ila shemeji analia."

"Mafua," nikasema.

Panzi alicheka mpaka chungwa likampalia, na dada yake akaja kumpiga mgongoni kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Alipopata pumzi akauliza, "Ile ovaroli ipo?"

Mkono wa mke wangu ukabaki hewani. "Ya nini?"

"Ya gereji. Nachafua nguo zangu zote na oili. Nifumulie miguu, na hizo sponji utoe, nikiinama kwenye injini zinanibana."

Dada yake aliitoa chini ya kabati siku ileile, akavaa miwani na kuanza kufumua. Ule uzi haukutoka kirahisi. Alivuta, akauma midomo, akabadilisha sindano. "Hivi ni fundi gani mjinga aliyeshona hivi?" alinung'unika, na Panzi, kichwa kimeegemea mguu wa cherehani, alikuwa ameshasinzia na mdomo wazi. Nilizima televisheni, kisha nikazima na taa ya upande wake. Hakushtuka.

Ile foronya ya siku tuliyotazama filamu haikumalizwa. Upande mmoja uko wazi hadi leo, na tunawekea vibanio vya nguo.