Kitambaa cha Mashine

Mama hakuwahi kukanyaga karakana yangu ya Salgaa. Alitaka niwe mwalimu, mimi nikaenda kuchomelea vyuma, na kwa miaka minne tukipigiana simu ni mvua na viazi tu. Kwa hivyo niliponunua mashine mpya, ile inayosukuma waya yenyewe, habari zikafika kwetu Kuresoi, na mtu wa huko akaniletea kitambaa alichofuma Mama, kijani, chenye nyuzi za kuning'inia, karibu nilie. Kwetu kitambaa hupewa kitu cha heshima, kama sofa au televisheni. Nikakitandika juu ya mashine na madereva wa malori wanaoegesha hapo wakanicheka hadi wakachoka.

Wiki iliyofuata Mama mwenyewe akatokea mlangoni. "Nimekuja kuona," akasema, akaketi juu ya debe.

Haki nilitaka aone kazi yangu. Nikashika geti nililokuwa nimeanza, nikawasha mashine. Waya ukatoka, ukasita, ukatoka tena, ukakwama. Nikabadilisha ile ncha ya shaba ambapo waya hutokea. Wapi! Nikanyoosha paipu, maana ikijikunja waya haupiti. Wapi! Nikakaza magurudumu madogo yanayosukuma waya, nao ukajisokota humo ndani kama nywele za asubuhi. Hapo nikawaka. Nikaitukana mashine, nikamtukana aliyeniuzia, nikasahau kabisa ni nani ameketi nyuma yangu. Nilipokumbuka, nilitaka ardhi inimeze. Mama akienda nyumbani na picha hii, nilijiambia, basi hatakuja tena.

Nikainama ubavuni mwa mashine. Mlango wake ulikuwa wazi, kwa sababu mimi kwa haraka zangu huwa siufungi. Kumbe! Uzi wa kijani ulikuwa umeingia na waya, ukajizungusha kwenye magurudumu mara ishirini. Nikauchomoa kwa koleo, nikaufumbata haraka.

"Ni nini hiyo?"

"Vumbi tu, Mama."

"Vumbi la kijani?"

Akainuka, akanifungua vidole kimoja kimoja kama nilipokuwa mdogo. Akauangalia uzi, akaiangalia mashine. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

"Sikujua hii kitu inafanya kazi namna gani," akasema polepole. "Na sikuwahi kukuuliza."

Akakitoa kitambaa, akakikunja, akakitia kwenye mkoba. Kisha akaokota kinga yangu ya uso pale mezani, akaigeuza huku na huku.

"Hii inavaliwa aje?"