Saa Niliyoipokonya Mikononi mwa Mama Limi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo, na mvi hizi kichwani, natazama chini. Ni siku ya harusi yangu. Wenzangu siku yao huikumbuka kwa kicheko, mgeni akiingia tu wanamtolea albamu. Albamu yangu iko sandukuni, na siitoi mpaka niombwe mara mbili.

Sikukuzaa mimi, na nisingekusimulia, ila juzi ulikuja hapa na mchumba wako mkanionyesha kwenye simu zawadi mnazotaka wageni wenu waondoke nazo kama kumbukumbu. Vikombe vyenye picha yenu, vishikio vya funguo, mishumaa ya harufu nzuri. Mkaniuliza ipi inafaa. Nikasema zote zinapendeza. Kisha mchumba wako, binti wa watu, hana ubaya wowote, akasema, "Vikombe ni vya meza za mbele, baba. Wa nyuma tutawapa pipi."

Nikapaliwa na chai. Mkadhani ni moto wa chai.

Ujana wangu niliumalizia Geita. Nilitoka kijijini kwetu Samuye mikono mitupu, nikabeba mawe, nikaponda mawe, mwisho nikabahatika kuingia ubia wa karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Marafiki zangu wakawa wenye maduara, yaani wamiliki wa mashimo, na matajiri wa kununua dhahabu. Waliponiita "bosi" niliitika. Fedha ya dhahabu ilinifundisha tabia moja mbaya: nilianza kutazama mikono ya mtu kabla ya kutazama uso wake. Mikono yenye pete nilisimama kuisalimia. Mikono yenye sugu za jembe niliipungia kwa mbali.

Nikamchumbia Neema, binti wa mpakia mizigo wa stesheni ya Isaka. Harusi tukaifanyia Shinyanga mjini, kwenye ukumbi mmoja wa Kambarage. Nilitaka izungumzwe mpaka machimboni. Nikaagiza Mwanza saa za ukutani, katikati ya kila saa picha yetu, mimi nimevaa suti na Neema kaegemea bega langu. Wakati huo kitu hicho kilikuwa kigeni, watu walikishangaa. Saa hizo ziliwatosha wakubwa wangu wa Geita na wazazi wa pande zote mbili. Wageni wa Samuye, ambao wangekuja na lori la fuso, niliwafungia pipi na biskuti katika vitambaa vyeupe vya wavu. Nikajiambia, saa wataitundika wapi, kwenye nyumba za udongo?

Sasa nikuambie Mama Limi ni nani. Alikuwa jirani yetu, nyumba yake na yetu zilitenganishwa na zizi la ng'ombe. Mama yangu aliponizaa aliugua, akalazwa muda mrefu, na maziwa yakamkauka. Mama Limi alikuwa ananyonyesha binti yake, Limi. Akanichukua. Limi titi hili, mimi titi lile. Nilipokuwa mkubwa kidogo, watoto wenzangu walinitania kwamba nina mama wawili, na sikuchukia, maana nilikula nyumba zote mbili.

Siku ya harusi alishuka kwenye fuso na vumbi lake, kavaa kitenge kipya ambacho bado kilikuwa na mikunjo ya dukani. Mama yangu akamshika mkono, akamketisha karibu naye, meza za mbele. Niliona. Sikupenda, lakini ningesema nini mbele ya watu?

Ulipofika wakati wa zawadi, binamu za Neema ndio waliogawa. Hawakujua nani ni nani, walifuata meza tu. Mmoja akampa Mama Limi saa. Mwanangu, ningekuwa mchoraji ningekuchorea uso ule. Aliiweka mapajani, akaifuta kwa pindo la kitenge ilhali haikuwa na vumbi, akamgeukia mama yangu akamwonyesha picha yangu kwa kidole.

Meza ya pili, tajiri mmoja mwenye maduara mawili akabaki hana saa. Zilikuwa zimekwisha. Akanitazama, akainua mikono mitupu, akacheka. Wenzake wakacheka naye. Damu ikanipanda. Mtu mwenye busara angengoja, angesema, "Ya kwako nitakuletea mwenyewe." Mimi niliinuka kwenye kiti cha bwana harusi, na muziki unaendelea, nikamwendea Mama Limi.

Nikainama sikioni mwake, nikamwita mama kwa Kisukuma. "Mayu, hii wamekosea. Ya kwako inakuja."

Alinitazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake. Kisha akainyanyua ile saa kwa mikono miwili, kama tunavyofundishwa kumpa mkubwa kitu, akanipa.

"Haya, baba," akasema. "Nilidhani ni yangu."

Nikampelekea tajiri. Akaisukuma chini ya kiti chake, akaendelea na nyama. Nyuma yangu nikasikia meza za Samuye zimenyamaza. Binamu mmoja, kwa haraka ya kuziba lile pengo, akaenda akamwekea Mama Limi kifurushi cha pipi mezani. Waswahili walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi siku hiyo nilijikwaa ulimi na mkono kwa pamoja.

Tulipobaki wawili, Neema akaniuliza, "Yule mama uliyemchukulia saa ni nani?"

Nikajibu, "Jirani tu wa kijijini."

Mpaka leo sijui kipi kilikuwa kibaya zaidi, kuichukua ile saa au kulitamka hilo neno "tu."

Asubuhi mama yangu akanijia, saa yake mkononi, bado imo kwenye boksi. Mama hakuwa mtu wa kelele. Akaiweka mbele yangu.

"Mimi nilikuzaa," akasema, "lakini aliyekufanya uishi ni yeye. Mimi siwezi kuitundika hii ukutani nikalala chini yake. Ipeleke inakostahili."

Sikubisha. Nilikaa nayo siku kadhaa, kila siku na kisingizio chake, mara gari, mara wageni. Mwishowe Neema mwenyewe akaibeba akasema twende. Yeye alidhani tunapeleka zawadi kwa jirani.

Tuliposhuka Samuye tukakutana na Mzee Nkwabi, rafiki wa baba yangu, anatoka kwenye shamba lake la dengu. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee," nikitegemea asiitikie. Akaitikia vizuri kabisa. Akaona boksi.

"Ahaa, ndiyo ile saa ya Mama Limi?" akasema. "Ametuambia. Siye wa nyuma kule tuliona umemwinamia, ukaondoka na saa, tukaanza kusema maneno mabaya juu yako. Akatukemea. Akasema yeye ndiye aliyekuomba umtunzie, isivunjike kwenye fuso. Tumekukosea, kijana."

Akanipa mkono wa kuniomba radhi. Mzee wa umri wa baba yangu, ananiomba radhi mimi! Nikaupokea, mwanangu. Ulimi haukuinuka kumwambia ukweli. Nilitamani ardhi ya Samuye ipasuke pale pale kati ya dengu.

Mama Limi tulimkuta uani anapepeta. Akaweka ungo chini. "Mwangaluka," akasalimia, akamkumbatia Neema, akamkalisha kwenye kigoda, mimi nikabaki nimesimama. Nikachuchumaa mbele yake, boksi mkononi.

"Mayu, siku ile..." nikaanza.

"Afadhali umeileta," akanikatiza. "Watu walikuwa wameanza kuuliza." Halafu, kwa sauti ya chini, macho yake kwenye ungo: "Ningewaambia nini, baba? Kwamba mtoto niliyemnyonyesha amenipokonya?"

Neema akageuka, akanitazama. Sikuweza kumtazama.

Tulikunywa uji, tukapigilia msumari, saa ikakaa ukutani. Mama Limi akaishangilia kama ndiyo kwanza anaiona. Wakati wa kurudi, Neema alitembea mbele yangu mpaka barabarani. Pale ndipo aliposema, bila kugeuka, "Jirani tu?" Ndoa yetu ilianza upya siku ile, na ilianzia chini sana, nikawa mtu wa kujenga imani tofali kwa tofali.

Mama Limi aliishi miaka mingi baada ya hapo. Nilimtembelea, nilimhudumia, watoto wangu walimwita bibi. Lakini lile neno "nisamehe" sikulimaliza kamwe. Kila nilipolianza alilikatiza kwa uji, au kwa kuniuliza habari za wajukuu. Alipofariki, ndugu walinitaka niseme neno kaburini kwa niaba ya watoto wake. Nikasimama, nikakohoa, nikakaa.

Basi nasaha yangu ndiyo hii, mwanangu. Kikombe kizuri, mshumaa mzuri, hata pipi nzuri. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Ila chagueni kitu kimoja, na kiwafikie wote, wa mbele na wa nyuma. Kama mfuko hautoshi vikombe vya wote, basi wote wapeni pipi, na tajiri aimung'unye pipi yake kama wengine. Mgeni akitoka kwako, anachokwenda nacho nyumbani ni namna ulivyomwona; kile kitu cha mkononi kitavunjika au kitapotea. Waliokulea, usiwaachie wagawaji. Shuka kwenye kiti chako, uwapelekee wewe, kwa mikono miwili. Na ikitokea zawadi imekwenda kwa mtu usiyemkusudia, iache hapo. Imefika. Ukiwa umemkosea mtu, usingoje afe ndipo utafute maneno. Na akikukatiza kwa wema, mngoje amalize, kisha sema.

Mungu awape nyumba yenye mlango mpana. Awajalie wageni wanaokuja kwenu na sugu mikononi waondoke wamenyoosha shingo. Na siku yenu ya furaha, iwe siku ambayo uzeeni mtaisimulia mkiwa mmeinua macho. Amina.