Uzi Mnene Kwanza

Wanamuziki wa mji wetu wa Kamina nawapenda, lakini walikuwa na ugonjwa mmoja. Ikifika saa ya kupima sauti, ile waliyoiita balansi, kila mmoja alitaka asifiwe kabla wageni hawajaingia. Mpiga gitaa alimwaga mbwembwe zote alizokuwa nazo, mpiga ngoma akatwanga hadi vumbi likashuka darini, na sherehe ilipoanza hakuna aliyemsikia mwenzake.

Seth Lumbala hakuwa na ugonjwa huo. Juma zima alikuwa karani wa misheni ya Wamethodisti, mtu wa shati lililopigwa pasi, na Jumamosi alikuwa mpiga besi. Kwenye balansi aligusa uzi mnene kwanza, peke yake, akauacha ulie mpaka unyamaze wenyewe. Kisha wa pili, wa tatu, na ule mwembamba. Halafu alipiga wimbo wa jioni ileile, ubeti na kiitikio, kwa nguvu zilezile atakazotumia ukumbi ukijaa. Akimaliza, basi, anaketi.

"Tata Lumbala, unapiga balansi sawa muntu anahesabu sadaka," alimtania Bijou, mwimbaji wao, binti wa askari aliyekulia kule base, kambi ya jeshi.

"Weye cheka tu. Kama minapiga pole sasa, na magaribi minapiga nguvu, nani atasikia sauti yako? Ya sasa na ya magaribi inapashwa kuwa moja."

Mwisho wa ukumbi wa parokia walimopigia, kiganja kikiwa ukutani, alisimama mkewe, Agar. Ukuta ukitetemeka kupita kiasi, alishusha mkono mwingine. Besi ikikaa sawa, aliuinua. Likoke, fundi wa vyombo, alimtii Agar kuliko alivyomtii mkuu wa bendi, na hakuna aliyeona ajabu.

Mwisho wa mwaka wa tisini na sita Agar alipanda treni kwenda Kabondo-Dianda kumuuguza mama yake. Alisema atarudi upesi. Vita vikaja, treni zikasimama, na kimya kikaanza.

Askari wa serikali iliyokuwa inaanguka walipita mjini wakibeba magodoro, redio, hata sufuria zilizokuwa motoni. Lumbala aliogopea vyombo vya bendi. Akavificha kwenye stoo ya ukumbi uleule wa parokia, karibu na stesheni, akahamia humo alale navyo. Kabla ya kufunga nyumba alimdanganya jirani yake, Mama Augustine: "Minyi naenda kwetu Kabongo." Alitaka askari wakiuliza waambiwe hivyo. Kesho yake Mama Augustine naye alikimbilia kijijini, akaondoka na uongo ule mzimamzima.

Askari wale walikwenda, wakaja wengine, mji ukatulia. Lumbala hakurudi nyumbani. Kusema kweli hakuweza. Kila kikombe mle ndani kilikuwa cha Agar. Alibaki stoo, akiamini mchana kwamba mkewe yu hai na akishindwa kuamini jua likizama.

Hata upigaji wake wa besi uliharibika. Siku ya Pentekoste, kwenye balansi, alizigusa nyuzi kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto, macho chini, asiuone ule ukuta mtupu. Ibada ilipoanza, huzuni ikampanda mikononi, akazipiga kwa hasira mpaka sauti ya Bijou ikamezwa yote.

Ndiyo maana siku ya arusi ya mwalimu mmoja, sherehe kubwa ya kwanza tangu vita, Bijou hakuwa na utani. Mchana huo, ukumbini mle, Lumbala alianza kuzipapasa nyuzi, naye akaweka maikrofoni chini.

"Hapana, tata. Utanifunika tena mbele ya bantu. Piga sawa zamani."

"Mazutu ya grupe iko kidogo," Likoke akaongeza, akimaanisha dizeli ya jenereta lililokuwa likikohoa nje. "Piga ile ya kweli. Minyi mwenyewe naenda kusimama ku ukuta."

"Ku ukuta hapana!" Lumbala alifoka, yeye ambaye hajawahi kumfokea mtu. "Pale iko fasi ya Agar."

Bijou akamsogelea, akamrekebishia mkanda wa gitaa begani kama angefanya kwa baba yake.

"Basi tuache fasi yake vile. Hakuna muntu atasimama pale. Lakini piga, tata."

Lumbala akainua macho, akautazama ukuta kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Akapiga uzi mnene. Ukalia, ukatoka madirishani, ukafa wenyewe. Akapiga wa pili. Wa tatu. Ule mwembamba. Kisha ubeti wa wimbo wa bibi arusi, pole pole, kwa nguvu zote za jioni. Hamu ya mkewe ilimjaa, na hakuificha tena.

Alikuwa anakikaribia kiitikio mlango wa nyuma ulipofunguka. Akaingia mwanamke mwenye vumbi hadi kwenye nyusi, furushi kichwani, amekonda. Hakumsalimu mtu. Akatua furushi, akaweka kiganja ukutani.

Vidole vya Lumbala vikasimama.

"Endelea, Baba Jessé," mwanamke akasema, akimwita kwa jina la mzaliwa wao wa kwanza. "Siyasikia bado refrain."

Akaendelea, akilia wazi wazi mbele ya wenzake, na hakukosea hata nota moja. Kiitikio kilipokwisha Bijou alikuwa amekwisha kumrukia Agar shingoni.

"Treni ya mizigo njo ilinileta," Agar akaeleza, akipangusa uso. "Nilikuta nyumba imefungwa. Mama Augustine ametoka ku kijiji juzi, akaniambia weye uko Kabongo. Nikarudi ku stesheni, treni ilikuwa inaenda kule. Muguu moja ilikuwa mu wagoni. Nikasikia kamba mukubwa inalia peke yake, mpaka inanyamaza. Kiisha ya pili. Nikasema, ule iko bwana yangu. Benye kupiga balansi vile habako bengine hapa Kamina."

Lumbala alitaka kuungama habari ya uongo wake. Agar hakumngoja. Kiganja chake kilikuwa bado ukutani, na mkono wa pili alikuwa anaushusha taratibu, kama zamani.

"Lakini iko nguvu sana, Baba Jessé. Inafunika sauti ya huyu mutoto."

Likoke akashika kitufe cha sauti, akamtazama mwenye besi kwanza. "Nipunguze, tata?"

"Punguza," Lumbala akasema, akijifuta macho kwa mkono wa lile shati la pasi. "Amekwisha kusikia."

Likoke akapunguza, Lumbala akakipiga kiitikio tena. Agar akasikiliza kidogo, akauinua mkono.