Nywele za Stefania

Sokoni Ifakara, upande wa samaki, ukimuulizia Stefania kwa jina hilo tu ungeweza kupelekwa kwa mtu mwingine. Ilibidi useme Stefa Nywele. Hapo kila mtu alinyoosha kidole kwenye meza ya pembeni, ambapo mama mmoja mrefu alikuwa akiparua perege huku nywele zake zimefungwa kwa kitambaa, ncha zikichungulia mgongoni, nyeusi, zimelala kama zilizopigwa pasi.

Alianza kuziweka dawa ya kuzilaza alipomaliza darasa la saba, na tangu hapo hakuwahi kuziacha ziote zenyewe. Alikuwa na sababu yake. Mtu anayekwenda Kivukoni, kule mtoni, alfajiri kupokea samaki kwa wavuvi, kisha akashinda na kisu na magamba, harufu ile haimtoki hata aoge kwa sabuni gani. Lakini Jumapili, akisimama safu ya mbele ya kwaya nywele zikimetameta, hakuna aliyemwona muuza samaki. Hata Viktor, mumewe, alimwona kwanza palepale kwenye kwaya, na alipenda kutania kwamba yeye alioa nywele, mwenyewe akaja kama nyongeza. Stefania alicheka kila mara. Moyoni hakuwa na hakika kama ulikuwa utani mtupu.

Mambo yalianza kuharibika wiki ya Pasaka. Siku moja kabla ya kwenda saluni alifumua rasta kwa haraka, akachana kwa nguvu, kichwa kikabaki na michubuko. Msusi wake na rafiki yake wa miaka mingi, Sikudhani, alimpapasa akaguna.

"Dada Stefa, hapa utosini pamechubuka. Leo siweki dawa. Acha kwanza pakauke."

"Na Pasaka nayo itasubiri pakauke? Mimi ndiye ninayeanzisha wimbo Jumapili. Weka, nitavumilia."

"Itakuunguza."

"Itaniunguza mimi, siyo wewe."

Sikudhani aliweka kwa shingo upande. Dawa ilipokolea, Stefania alihisi kama amemwagiwa uji wa moto. Aliuma meno, akashika mikono ya kiti, akajiambia bado kidogo, bado kidogo zilale vizuri, hadi machozi yakamtoka na Sikudhani akamvuta kwa nguvu kwenye beseni la maji. Jumapili aliimba, na watu walimsifu. Hakuna aliyejua kwamba chini ya zile nywele ngozi ilikuwa ikichuruzika maji.

Baada ya Pasaka nywele za utosini zilianza kutoka na kitana. Mwanzoni chache, kisha vishungi vizima. Akaapa kutogusa dawa tena, ila kukata hakutaka. Aliamua aziache za asili ziote taratibu, na zile za dawa zibaki zikimficha. Kumbe nywele za namna mbili hazikai kichwani pamoja kwa amani. Chini zilichipua za kipilipili, ngumu, zimejikunja. Juu zilining'inia zile zilizolala. Na pale zilipokutana zilikatika zenyewe. Kila asubuhi alikuta nyingine kwenye mto, akaziokota upesi kabla Viktor hajageuka. Akaanza kulala na kilemba. Kitandani alilala chali, hageuki, akihofia mkono wa mumewe usije ukapapasa pale utosini.

Kidonda nacho hakikupona. Masika yalikuwa yamekolea, bonde lote ni joto na unyevu, na chini ya kilemba kichwa kilifuka kama chungu. Kilipoanza kutoa harufu, tofauti kabisa na ile ya samaki, aliogopa, akaenda zahanati. Nesi alifunua, akatazama kwa muda mrefu.

"Mama, hapa kuna usaha. Dawa ya kupaka haiwezi kufika na huu msitu. Ukate zote, ziwe fupi kabisa. Ukiendelea kuchelewa, hapa katikati nywele hazitaota tena."

Stefania alitoka nje. Alimpigia Viktor, aliyekuwa Namawala akiendesha trekta la mtu. Akajieleza akigugumia, akangoja. Viktor akasema, "Kata, mke wangu. Kichwa kwanza." Hakutania chochote, na kutotania kwake kukampa Stefania wasiwasi mpya.

Siku hiyohiyo Sikudhani alimkata kwa mkasi, kwa uangalifu, akizunguka kidonda. Stefania aliomba kioo kifunikwe khanga. Nywele zilipokuwa chini, Sikudhani akazizoa haraka kwa ufagio.

Alikuwa bado hajavuka barabara kurudi nyumbani simu ilipoita. Viktor tena. Sauti ilikuwa nyingine.

"Baba amezidiwa. Mama anamleta kwa treni kutoka Uchindile, kesho watafikia kwetu ili alazwe hospitali hapo mjini."

Stefania alishika kichwa chake kwa mkono, juu ya kilemba, akahisi jinsi kilivyokuwa kidogo.

Ni lazima ujue desturi ya ukoo wa akina Viktor. Mwanamke wa ukoo hukata nywele zake pale mkubwa anapozikwa. Hakati kabla. Mkwe anayenyoa ilhali baba mkwe yuko hai, tena anaumwa, ni kama anayechimba kaburi mtu akimwangalia. Na nani angeamini kwamba mkasi ulitangulia na simu ikafuata?

"Usimwambie Mama," alimwomba Viktor.

"Nimwambie nini? Wewe jifunge tu kilemba."

Wakafika. Mzee Pantaleo alikuwa amekonda, miguu imevimba, lakini alipoteremshwa kwenye bajaji alijitahidi kutabasamu. "Mkwe wangu, nimekuja kula samaki wako," alisema, kisha akakohoa hadi akashikiliwa. Bibi Wilhelmina, mkewe, mama mfupi asiyependa maneno mengi, aliitikia shikamoo ya Stefania, akamtazama kilemba, akapita ndani.

Mzee akalazwa, na zikaanza siku za kuishi kama mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Asubuhi alipika uji, akampa mama mkwe aupeleke hospitali, akakimbilia sokoni. Jioni wote wawili walikuwa nyumbani, na joto likamfanya Bibi Wilhelmina avue kitambaa chake na kujipepea. "Na wewe vua upate hewa," alisema. Stefania alijibu kwamba anasikia baridi kichwani, huku jasho likimtiririka shingoni. Kila habari ya hospitali ikiwa mbaya, aliingia chumbani, akagusa ule ufupi, akajiuliza: je, kama ni kweli? Je, kama ni mimi niliyemwitia kifo? Alikuwa Mkristo, alijua padri angesema nini. Hilo halikumsaidia.

Asubuhi moja alikwenda nyuma ya nyumba kusafisha kidonda kwa maji ya chumvi. Alikuwa ameinama juu ya beseni, kichwa wazi, aliposikia ndala zikisimama nyuma yake.

"Nani amekufa?" aliuliza Bibi Wilhelmina.

"Hakuna, Mama. Mama, si hivyo. Ni dawa ya nywele, iliniunguza, nesi akasema..." Maneno yalimtoka bila mpangilio: Pasaka, usaha, mkasi, simu. "Nilikata kabla sijaambiwa kwamba Baba anaumwa. Naapa kwa Mungu."

Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akageuka, akachukua chupa ya uji, akaenda zake hospitali.

Siku ile Stefania alijikata kidole mara mbili kwa kisu cha samaki. Aliwaza Mama yuko wodini sasa anamwambia mzee. Aliwaza amekwisha kumpigia simu Shangazi Leticia, dada wa mzee, ambaye ulimi wake ulijulikana toka Mlimba hadi Mahenge. Alirudi nyumbani akiwa ameshajiandaa kufukuzwa.

Bibi Wilhelmina alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani. "Njoo ukae hapa," alisema. Stefania akakaa, mgongo kwake. Alihisi kilemba kikifunguliwa, kisha vidole vikavu vikipita taratibu kuzunguka kidonda.

"Ulijichoma hivi kwa ajili ya nywele?"

"Ndiyo, Mama."

"Lo." Akakikunja kilemba, akakiweka kando. "Hiyo dawa uliyopewa iko wapi? Wewe mwenyewe huoni huku nyuma, unapaka pembeni tu."

Tangu jioni ile akawa anampaka yeye. Hakusema kama amemwamini. Stefania naye hakuthubutu kumuuliza.

Mzee Pantaleo alifariki masika yakiwa yanaelekea mwisho. Walimrudisha Uchindile, na wakati wa kusafiri Stefania alikaa kando ya dirisha akiomba kimoyomoyo asitokee mtu wa kumkumbusha nywele. Akajionea aibu kwamba katika msiba wa mtu mwema kiasi kile, yeye alikuwa anakiwazia kichwa chake.

Baada ya maziko wanawake walikusanyika uani. Shangazi Leticia alishika mkasi, akaita mmoja mmoja. Ilipofika zamu ya Stefania, shangazi alivuta kilemba, akasita.

"Hizi zilikatwa lini?"

Wanawake wote wakageuza shingo. Stefania alifunika utosi kwa kiganja.

"Nakuuliza wewe, mke wa Viktor. Nywele hizi zina mwezi na zaidi. Kaka yangu alikuwa hai! Ulikuwa unamlilia nani?"

"Alikuwa na kidonda." Bibi Wilhelmina alisema akiwa amekaa chini, mjane, amefunikwa khanga, hata hakuinua uso. "Nimekipaka dawa mimi kwa mkono wangu. Na mzee alijua. Nilimwambia hukohuko wodini, akacheka, akasema mkwe wake asije akampikia samaki wenye nywele."

Mtu mmoja alicheka kwa machozi, kisha wawili. Shangazi Leticia hakucheka. "Watu husema mengi," alinong'ona.

"Nipe huo mkasi," Bibi akasema. Akamwita Stefania, akampunguza mwenyewe kidogo pande zote, hadi akawa sawa na wengine. Na hapo ndipo Stefania alipolia, kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze, akimlilia mzee.

Leo nywele zake zimefika urefu wa kushikika. Za kipilipili, nzito, na utosini pana alama ndogo isiyoota kitu, ambayo Sikudhani huifunika kwa mabutu. Viktor huzishika jioni, akisema ni kama sufi, na Stefania bado humtazama usoni kuhakikisha hasemi hivyo kwa kumfurahisha tu. Sokoni jina la Stefa Nywele halijafutika, ila wateja wapya huuliza kwa nini anaitwa hivyo. Shangazi Leticia hajawahi tena kukanyaga kwake, na kila simu kutoka Uchindile ikiita, Stefania hugusa kwanza utosi kabla hajaipokea. Mara nyingi ni Bibi Wilhelmina, anayetaka kujua treni ijayo itamletea kambale wakavu au wabichi.