Mstari wa Waliochelewa

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya ukungu ambayo sijaisahau, na kwa kuwa wiki ijayo unaondoka kwenda kufundisha ugenini, chukua uifunge kwenye mizigo yako.

Nilikuwa kijana, mgeni kutoka Bukoba, nimeajiriwa katika shule moja upande wa Sironga, kwa Wagusii wa Kenya. Fimbo haikuwa ngeni kwangu, nililelewa nayo. Lakini huku kengele ilikuwa mfalme. Ikilia ukiwa nje ya lango, unapiga magoti kwenye kokoto mpaka mwalimu wa zamu aridhike. Mwanzoni niliwaachilia upesi, na wenzangu wakanicheka: "Huyu wa Tanzania ni wa pole pole, watoto watampanda kichwani!" Ujana, mwanangu. Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Mimi nilivunja yote mawili. Muhula haujaisha, hakuna aliyekuwa mkali kunishinda, nami nikajisifu eti samaki hukunjwa angali mbichi.

Kulikuwa na msichana wa darasa la saba, Moraa, akitoka milimani kule Kebirigo. Kila Jumatatu na Alhamisi alichelewa, sketi imelowa hadi kiunoni. Nikimfokea "Una nini wewe?" anatazama chini, kimya. Nilidhani ni kiburi. Sikujua kwamba mtoto wa Kigusii aliyelelewa vizuri hajibizani na mkubwa. Basi nikamwongezea adhabu. Alhamisi moja alikaa kokotoni mpaka kipindi cha pili kikaisha, magoti yakatoka damu.

Jumatatu iliyofuata nilipofika langoni, mahali pa Moraa palikuwa na bibi kizee. Amepiga magoti katikati ya watoto, kikapu cha kuchumia chai kingali mgongoni. Nilimkimbilia nimwinue. Akakataa mkono wangu.

"Wacha, mwalimu. Moraa amesema hii shule harudi tena. Mimi ni nyanya yake. Nimekuja kumaliza hiyo adhabu yake, kwa sababu mwenye kumchelewesha ni mimi. Hizo siku za kuchuma chai ananisaidia kwanza, ndio akuje shule. Miguu yangu haiwezi hiyo shamba yote, na gari ya chai haingoji mtu."

Kwetu, na kwao pia, mtu wa umri ule hampigii kijana magoti. Akaendelea, wala hakuwa na hasira:

"Wewe ulikuja hapa na matope kwa viatu, hatukukujua. Tulikuuliza umetoka wapi, tukakupa chai ukakunywa. Huyu mtoto akikuja na matope, mbona hukumuuliza ametoka wapi?"

Niliona haya, mwanangu, haya ya kuchoma masikio. Nikapiga magoti mbele yake, na suruali yangu mpya, walimu wakitazama dirishani. Ndipo alipokubali kuinuka, akaniegemea begani.

Jioni ile nilipanda mpaka kwao. Moraa alikuwa akipasua kuni. Nikamwomba msamaha, mimi mwalimu, nyanya yake akisikia. Alitazama chini vilevile, lakini nilimwona akitabasamu. Nikaongea na mwalimu mkuu: siku za kuchuma chai aingie kipindi cha pili, na alichokosa nitamfundisha mwenyewe saa ya chakula. Jumatano akarudi. Wenzangu walicheka tena, na safari hii niliwaacha wacheke.

Juzi nilipita shule ileile. Mwalimu wa zamu alikuwa Moraa, mvi zimeanza kumchungulia. Mtoto alifika mbio, kengele imeshalia. Moraa akainama mpaka nyuso zao zikalingana, akamuuliza, "Umeamka saa ngapi, mama?" Mtoto akaanza kueleza.

Sasa sikiliza. Huko uendako utakuta sheria za watu; zishike, maana mgeni hafiki na sheria zake mfukoni. Lakini usiwe mkali ili tu wenyeji wakuone mwenzao. Kuuliza si ujinga, na swali la upole litangulie adhabu siku zote. Mtoto akinyamaza, usiharakishe kumwita mwenye kiburi. Na ukikosea, omba msamaha hadharani, maana ulimkosea hadharani.

Nenda, mwanangu, Mungu akutangulie. Na popote utakapofika umechelewa, una matope miguuni, umkute mtu wa kukuuliza umetoka wapi.