Sauti Nyuma ya Akumu

Eldoret ni mji wa mbio. Mtoto akikimbilia shule kwa kuchelewa tu, wazee hutazama miguu yake na kusema huyu atamjengea mamake nyumba. Katika mji huo Akumu alipenda mchezo wa vinyoya, badminton, na majirani zake wa Munyaka walimcheka kwa hilo. Mmoja aliwahi kumwuliza kama ule ni mchezo ama ni kufukuza nzi. Akumu aliendelea kushona kola ya sare ya shule, akamwacha acheke mpaka achoke.

Alikuja mjini akiwa msichana, kutoka Nyakach, akaajiriwa kwenye kiwanda cha nguo. Kiwanda kilikuwa na ukumbi wa wafanyakazi, na jioni neti ikifungwa katikati, waliotoka zamu walicheza wakiwa bado na pamba kwenye nywele. Hapo ndipo alipomjua Kiprop, fundi wa mitambo ya kufuma, kijana mrefu wa Soy mwenye sauti ya kuita ng'ombe wa ng'ambo ya bonde. Siku moja bosi alitaka timu ya miksi, mwanamume na mwanamke upande mmoja, akawaweka pamoja kwa sababu hakuna mwingine aliyejitokeza. Wakashinda. Wakashinda na mwaka uliofuata, mpaka wapinzani kutoka viwanda vingine wakawa wakishuka tu kwenye lori wanauliza, "Yule mama mfupi na yule jamaa mrefu wako?"

Kisha kiwanda kikafungwa. Kiprop akarudi Soy kulima mahindi na kufuga. Akumu akanunua cherehani, akamzika mume, akamlea mwanawe Lennox mpaka akapata kazi Mombasa. Javan, aliyekuwa karani wa stoo na mchezaji hafifu kupita wote, akafungua kibanda cha kinyozi. Ukumbi ukafanywa ghala, na raketi zao zikafa moja moja. Kilichobaki ni fainali. Kila mwaka mwezi wa tatu, mashindano makubwa ya kimataifa yakifika mwisho, wanaume wale wawili walitoka kanisani Jumapili wakaja moja kwa moja kwa Akumu, kwa sababu ni yeye aliyekuwa na king'amuzi kinachoshika mchezo huo. Kiprop alileta mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni. Akumu alikaanga samaki. Javan alileta mdomo.

Na walibishana! Kiprop aliamini nguvu. Mchezaji akiruka na kukipiga kinyoya chini kama anayepasua kuni, yeye alisimama, meza ikatikisika. Akumu aliamini mkono. Alimpenda yule anayekigusa kinyoya polepole juu ya wavu kikaanguka kama jani, adui akikitazama tu.

"Hiyo ni uoga," Kiprop angesema.

"Hiyo ni akili. Wewe ungekuwa na akili tungeshinda kombe la Kisumu."

"Kisumu uligonga neti wewe!"

"Kwa sababu ulinipigia kelele!"

Javan alishangilia anayeshindwa, awe nani. Seti ikigeuka, naye aligeuka. Wakimcheka anasema ni huruma ya Kikristo.

Jerop, mke wa Kiprop, hakuja hata mara moja. Akumu alimwalika mwanzoni, kisha akaacha. Alijua yanayosemwa kanisani kule Soy, kwamba mume wa mtu ana rafiki mwanamke mjini, mjane, na eti wanatazama mpira wa manyoya. Harusini na matangani wale wanawake wawili walisalimiana kwa heshima zote, "Mama Sharon", "Mama Lennox", kisha kila mmoja akatafuta kiti cha mbali.

Fainali ya mwaka mmoja, Kiprop aliacha samaki sahani ikiwa nusu. Alisema mwiba umemkwama. Miezi ikapita, mwiba haukutoka. Ugali ukaanza kukataa kushuka, kisha uji, na alipokubali hatimaye kupelekwa hospitali, daktari alimwambia Sharon, bintiye, kwamba ni saratani ya koo na imekwenda mbali. Ugonjwa huo si mgeni katika nyanda zile. Kila ukoo una mtu wake. Wakamwekea mrija wa kumlisha, wakampiga mionzi, na ile sauti ikaondoka. Kilichobaki kilikuwa mnong'ono kama wa majani makavu.

Mwezi wa tatu ulipokaribia, Akumu hakujua afanye nini. Kwenda nyumbani kwa Jerop aliogopa, kutokwenda hakuweza. Siku mbili tatu aliivuruga mishono, akafumua, akashona tena. Kisha simu ikalia, na alikuwa Jerop mwenyewe.

"Mama Lennox, Baba Sharon anaandika kwa kidole hapa kwa blanketi. Nafikiri anakutaka na ile TV yenu. Kujeni."

Jumapili hiyo Javan alibeba king'amuzi mapajani njia nzima mpaka Soy. Mashamba yalikuwa yamelimwa, mekundu, yakingoja mvua. Kiprop alikuwa sebuleni kwenye kochi, amefunikwa blanketi mpaka kifuani, na Akumu alipomwona alishukuru kwamba kuna nyaya za kuunganishwa, apate kuinama. Yule aliyekuwa akiinamisha kichwa kupita mlango wa Munyaka sasa angetosha kwenye kiti cha mtoto.

Fainali ya miksi ilianza. Wamalesia na Wadenmaki. Javan alitaka kusema neno la faraja, akaanza, "Unajua Mungu wetu," lakini Kiprop akainua kidole, akaelekeza kwenye skrini. Basi wakatazama mchezo.

Ilikuwa vigumu mwanzoni. Mwanamume wa Denmaki aliruka akapiga mapigo ya kupasua kuni, na hakuna aliyesimama. Akumu akaona kimya kile kitawaua kabla ya saratani kumwua mwenzao. Akasema kwa nguvu kuliko alivyokusudia, "Mnaona? Nguvu za bure. Atachoka huyo."

Kiprop akageuza kichwa. Midomo ikacheza. Javan akainama kumsikiliza.

"Anasema wewe ndiye utachoka."

Wakacheka, na kucheka kukafungua mlango. Kuanzia hapo Kiprop alinong'ona, Javan akatangaza, Akumu akapinga. Javan akaanza kuongeza maneno yake humo humo, na Kiprop akampiga kofi dogo la mkono kumkana.

Jerop alikuwa akiingia na kutoka, mara na chai, mara na mto wa kuegemezea. Seti ya pili katikati, alisimama nyuma ya kochi akitazama. Kisha akavuta kiti, akaketi karibu na Akumu.

"Sasa huyu mwanamke kwa nini anakaa mbele peke yake?"

"Kwa miksi ni hivyo," Akumu akamwambia. "Mwanamke analinda neti. Mwanamume anakaa nyuma, anachukua zile za mbali."

"Na wewe ulikuwa unasimama hapo mbele?"

"Hapo hapo."

Jerop alitazama tena. "Kwa hiyo ulikuwa umempa mgongo."

"Siku zote. Ukigeuka kumwangalia mwenzako kinyoya kinakupiga uso. Humwoni kabisa. Unasikia tu sauti. Akisema 'Wacha', unawacha. Akisema 'Yako', unaenda."

"Na ukimsikia vibaya?"

"Mnashindwa."

Mikono ya Jerop ilikuwa juu ya mapaja, mikono ya kukamua, yenye vidole vinene. "Mimi nilifikiri mnaangaliana," alisema mwishowe. Alisema bila hasira, kama mtu anayetaja kitu alichokibeba mpaka akasahau kwamba ni kizito. Akumu alimmiminia chai, nyumbani kwa Jerop mwenyewe, naye akaipokea.

Walipotazama kochi, Kiprop alikuwa amelala. Javan akapunguza sauti ya TV. Wamalesia wakashinda seti ya tatu, kinyoya cha mwisho kikiwa kile cha polepole, kilichogusa utepe wa wavu na kuangukia upande wa pili. Akumu alikuwa ameshinda ubishi wa mwaka mzima na hapakuwa na wa kumwambia. Waliondoka bila kumwamsha. Mlangoni Jerop alimshika Akumu mkono akauacha kwa kuchelewa.

Kiprop alifariki kabla mahindi hayajaota. Mazishini walikuja wengi, machifu, watu wa ushirika wa maziwa, kwaya mbili. Katika historia ya marehemu iliyosomwa kwenye kipaza sauti alikuwa mkulima bora, mzee wa kanisa, baba wa watano. Kiwanda kilitajwa kwa sentensi moja, vinyoya havikutajwa. Javan alimgusa Akumu kiwiko, kama anayetaka asimame aseme. Akumu alitikisa kichwa. Angesema nini mbele ya umati ule, na angeanzia wapi? Kaburi lilipokuwa likijazwa alisimama nyuma kabisa, na ndipo Jerop, akiwa katikati ya dada zake, akageuka akamtafuta kwa macho, akamwashiria aje. Wakaweka shada moja wakishikilia wote wawili. Kulikuwa na wanawake walionong'ona. Jerop hakuwajali.

Mwaka mmoja ukazunguka. Jumapili ya fainali Javan alikuja Munyaka kama kawaida, amevaa koti la kanisa. Akumu alikaanga samaki. Asubuhi Jerop alikuwa amepiga simu kuuliza ni saa ngapi inaanza, ingawa kwake hakuna king'amuzi. Alisema alitaka tu kujua.

Walikaa, wakatazama. Mchezaji mmoja alikigusa kinyoya vizuri sana kwenye wavu.

"Safi," akasema Akumu.

"Safi kabisa," akasema Javan.

Mwingine akaruka, akapiga kwa nguvu.

"Ana nguvu," akasema Javan.

"Ndiyo, ana nguvu," akasema Akumu.

Wakangoja. Kila mmoja alitafuta la kupinga, asilipate, kwa maana miaka yote ile walikuwa wakimpinga Kiprop na kila jambo lilikuwa likipitia kwake. Javan hata alisahau kumshangilia anayeshindwa. Katikati ya seti ya pili alisema afadhali awahi, mawingu yanakusanyika upande wa Kimumu. Akumu hakumzuia. Alimfungia samaki aliyebaki kwenye gazeti, akamsindikiza mpaka barabarani, wakaagana.

Aliporudi wachezaji walikuwa bado wanacheza, alama zikiwa sawa. Akazima TV, akatoa vyombo nje, akaanza kuosha. Nani alishinda mwaka huo alikuja kusikia wiki nyingine, redioni, akiwa kwenye cherehani, na hakusimamisha mguu.